Nilivyopika Chambo cha Samaki wa Kikaango

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa mlangoni kwa sababu nilikuwa nanukia.

Nasema kunukia, si kunuka. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinifungia chupa ya atari nilipoondoka Baleni, kijijini kwetu kisiwani Mafia, akaniambia mtu haendi kwenye kazi za watu na harufu ya jasho. Basi asubuhi ile, mjini Maskati, niliifukiza kanzu yangu udi, nikajipaka atari nyuma ya masikio na kwenye viganja, nikaenda karakana kifua mbele. Mkuu wa Karakana alikuwa mzee wa Kimanga, Mwarabu wa Omani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wetu. Nilimwamkia, nikanyoosha mkono. Hakuupokea. Alivuta hewa mara moja tu.

"Wewe unaoa leo?"

"Hapana, Sheikh. Nimekuja kuanza kazi."

"Basi nenda baharini ukaoge. Jisugue kwa mchanga, sabuni usiguse. Ukimaliza, oga tena. Hapa tunapika harufu anayoitaka samaki. Hiyo anayoitaka mkeo utajipaka kwako."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilikwenda, nikajisugua mpaka ngozi ikawaka, nikarudi nimevaa suruali ya kazi niliyoazimwa na bawabu. Mzee alinusa viganja vyangu, mbele na nyuma, kama mtu anayechagua papai sokoni. "Sasa ingia," akasema. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya chambo bandia chenye harufu, na naweza kusema bila kutafuna maneno kwamba Mafia hapakuwa na mtu aliyeijua kabla yangu.

Vijana wa leo wananiona na koti langu na miwani yangu, wanadhani nilizaliwa hivi. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Sikuwa na mjomba ofisini wala shemeji serikalini. Nilisoma kwa taa ya kibatari, nikapita, nikaenda chuo cha uvuvi Bara, nikatoka na stashahada ambayo mpaka sasa imetundikwa sebuleni ndani ya kioo. Nilipoona ajira hazinijii, nikazifuata ng'ambo. Kila nilichonacho nilikitafuta kwa mikono hii na kwa pua hii.

Niwaeleze kazi yenyewe. Mvuvi wa mshipi huweka kitu kwenye ndoana ili samaki aume, na kitu hicho ndicho chambo. Sisi tumezoea chambo cha asili: kipande cha pweza, ngisi, kaa, dagaa. Chambo bandia ni kile kilichotengenezwa na mtu, kikamiminwa katika kalibu, yaani umbo la chuma lenye shimo la sura unayoitaka, iwe mnyoo, iwe kamba mdogo. Wapo wavuvi wanaotafuta samaki wakubwa, hao huvuta kwa chombo kinachokwenda mbio. Sisi kazi yetu ilikuwa samaki wa kikaango: changu, chaa, tasi, mkundaji, wale wanaoingia kwenye kikaango wazima na kichwa na mkia. Samaki hawa wana hadhari. Huja karibu, hutazama, hunusa, na wasiporidhika huondoka. Mkundaji ana ndevu mbili chini ya kidevu, na ndevu zile zinaonja. Humdanganyi kwa rangi peke yake.

Kosa la wanafunzi wote ni kudhani mafuta mengi ndiyo harufu nyingi. Nami niliwahi kumwaga nusu kopo la mafuta ya samaki kwenye sufuria nikijiona nimemaliza. Mkuu wa Karakana alichota kijiko, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari.

"Mafuta yako yako wapi?"

"Yanaelea, Sheikh."

"Na changu yuko wapi?"

"Chini."

"Haya, mwite huyo changu apande juu aje anuse!"

Kuanzia hapo nilielewa kwamba harufu inayofaa ni ile inayoyeyuka majini na kusafiri na mkondo. Wataalamu huzungumza habari za asidi amino, vile vijenzi vidogo vya nyama ambavyo samaki huvitambua kama sisi tunavyotambua kitunguu kinachokaangwa nyumba ya jirani. Ndiyo maana mvuvi anayejua hutia nanga upande mkondo unakotoka, harufu iteremke kuelekea kwenye mwamba. Nilikuwa mwepesi wa kushika. Haikupita muda mrefu Mzee akawa ananiita mimi kwanza sufuria inapoepuliwa.

Baadaye nilipelekwa tawi la Sur, mji mwingine wa Omani, chini ya Msimamizi wa Kalibu, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Yeye alinifundisha ulaini. Alikuwa akiminya chambo katikati ya vidole, kikiwa kigumu anakirusha ukutani. "Samaki si panya!" alipenda kufoka. "Hatafuni mbao!" Huko Sur tulitumia jelatini, unga unaopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Siku moja Mkuu wa Karakana alikuja kutukagua, akakuta gunia jipya. Aliligeuza huku na huku, akauliza, "Mifupa ya nani?" Hakuna aliyejua. Akaamuru lirudishwe lilikotoka. "Mtu wangu atashika kitu hiki, kisha anawe aende kusali. Lazima nijue nimemshikisha nini."

Nilipoaga kurudi nyumbani, mzee huyo alinipa zawadi ambayo hakumpa mtoto wake wa kumzaa. Alinifundisha harufu yake mwenyewe, ile iliyoifanya karakana yetu isifiwe, aliyokuwa akiipika peke yake chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Alinieleza vilivyomo, vinachachushwa vipi na vinatiwa sufuria ikiwa katika hali gani. Kisha akanishika bega.

"Sura ya chambo kila mtu ataiona. Rangi ataiona. Harufu haisemwi. Siku ukiisema, umegawa mkate wako."

"Nimeahidi, Sheikh."

"Usiniahidi mimi. Liahidi tumbo lako."

Nilirejea Mafia nikiwa mtu wa kuonekana. Nilijenga nyumba ya bati jekundu Utende, karibu na Ghuba ya Chole, na hoteli moja ya wageni ikanichukua niwatengenezee chambo wale wanaopenda kuvua kwa fimbo. Meneja alikuwa kijana wa Bara, mwenye adabu. Alivitazama vyambo vyangu vya mpira, vile nilivyojifunza Maskati, akavisifu, halafu akavirudisha mezani.

"Mzee wangu, vizuri mno. Lakini hivi vikikatika vinabaki kwenye matumbawe mpaka kiama. Hii ni hifadhi ya bahari. Sitaweza kuvitetea."

"Unataka vinavyooza?"

"Nataka vinavyooza, na vinavyovua."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna mkuu aliyenifundisha. Nilivuka kwenda kisiwa cha Juani, nikanunua mwani mnene kwa akina mama wanaoulima, nikaanza kuupika. Mwani ukiuloweka, ukauosha chumvi, ukauchemsha na magadi kidogo, huachia ute, na ute ule ukipoa hushika kama halua. Niliharibu sufuria nyingi. Mwingine ulikatika, mwingine ulinata kwenye kalibu. Mwishowe nikapata kipande laini, cheupe kinachoelekea waridi, kinachokaa kwenye ndoana na kuisha chenyewe baharini. Nikakitia harufu ya Maskati. Jamani, tasi walikigombea! Tasi ndiye mwizi mkubwa wa mashamba ya mwani, anayewaliza akina mama wa Juani, na sasa alikuwa akivuliwa kwa mwani uleule. Nilijipongeza mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Nilipoachana na hoteli nilifungua banda langu. Wavuvi walinikejeli mwanzoni. "Mmanga wa Baleni kaja kutuuzia halua ya samaki," walisema. Lakini kijiji kilipofunga mwamba ili pweza wakue, kama tunavyofanya mara kwa mara, chambo cha pweza kikawa adimu, wakaja mmoja mmoja, wengine wakipitia uani wasionekane. Kila aliyeuliza kuna nini ndani nilimjibu jibu moja: "Siri ya kazi." Nililisema kwa raha, sikatai. Lilikuwa jibu la mtu aliyesoma.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Dada yangu Mwanahawa ni mjane. Nilipokuwa ng'ambo yeye ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho, na riziki yake ni meza ya samaki wa kukaanga karibu na mnada wa samaki wa Utende. Banda langu lilipokwisha kupata wateja, wavuvi wanaomletea changu na tasi walikuwa wote wanatumia chambo changu. Mwezi wa Ramadhani ndio mwezi wake. Kuanzia alasiri watu hupanga foleni wakitaka samaki na mihogo ya kufuturu.

Ramadhani moja, ilipoanza tu, alikuja kwangu baada ya magharibi na beseni kichwani. Akalitua. Lilikuwa limejaa samaki waliokwisha kukaangwa.

"Wameharibika?" nikauliza.

"Wangeharibika ningekuwa na la kusema. Bi Time kaja, kaniuliza, 'Hawa wa ndoana ya kaka yako?' Nikamwambia ndiyo. Kasema, 'Basi nipe mihogo mitupu.' Na wa nyuma yake, hivyo hivyo. Kaka, wanasema umetia mafuta ya yule mnyama."

Nilihisi masikio yanawaka. Nilijua lilikotoka. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi hotelini alisikia kwamba vyambo laini vya Ulaya vina jelatini, akasikia tena kwamba jelatini nyingine ni ya nguruwe. Akaona chambo changu, cheupe, laini, kinang'aa kama mafuta yaliyoganda. Akaniuliza mimi, nami nikamwambia siri ya kazi. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe.

"Waambie ni uongo," nikasema.

"Nimewaambia. Wananiuliza, kama ni uongo, kuna nini? Mimi najua? Hata mimi hujaniambia."

"Mwanahawa, niliahidi mtu."

"Na mimi nimeahidiana na nani? Siri yako imenirudisha na beseni zima, kaka. Kesho nikaange nini, siri?"

Tulifuturu kwa samaki wale, watu wawili mbele ya beseni la watu wengi.

Asubuhi nilikwenda kwa Imamu wa msikiti wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akivuta shanga za tasbihi.

"Samaki wa baharini ni halali," akasema. "Hilo nitalisema mimbarini Ijumaa, sina shida nalo. Lakini nikuulize wewe msomi, unataka fatwa au unataka watu wakubali kula?"

"Nataka vyote viwili."

"Fatwa ninayo. Koo za watu siwezi kuzifungua. Mtu akishachukia moyoni, samaki anamkwama."

Nilitoka pale nikiwa nimeona njia, na sikuipenda. Kusema tu "ni mwani" kusingetosha. Mwani waliujua, wangeuliza na kile kinachonuka ni nini. Ingenibidi nipike mbele yao kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kopo la harufu. Nami nilikuwa nimefungwa na neno langu.

Nikampigia simu Mkuu wa Karakana. Alikuwa amezeeka, uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa umebaki macho na ndevu.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba. Umeshaoga leo?"

Nilicheka, kisha nikamweleza. Akausogeza uso karibu na kioo.

"Wanasema umetia nguruwe kwenye harufu yangu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mke wangu amekaa nami umri mzima, hajui kilichomo. Wanangu hawajui." Akapumua. "Huyo dada yako ndiye aliyemuuguza mama yenu?"

"Ndiye."

"Sema basi. Sema yote. Lakini jina langu na la karakana usiyataje, leo wala kesho. Sitaki isikike Maskati kwamba siri yangu imepikwa ufukweni mbele ya kuku."

Nimelishika hilo, ndiyo maana msomaji hakuti jina lake humu. Kwa mtu kama mimi, ninayependa kutaja nilikojifunza, mjue kwamba limenigharimu.

Nilipika baada ya sala ya alasiri, uwanja wa mnada, mafiga matatu na sufuria kubwa ya Mwanahawa. Watu walijaa. Wavuvi walikuja, akina mama wa Juani waliokuja sokoni walikuja, Bi Time alikuja akakaa mbele kabisa kama shahidi mahakamani. Niliinua kila kitu juu kabla ya kukitia. Mwani, wakauona. Magadi, wakayaona. Mchuzi wa pweza mkavu wa akiba, kitunguu saumu, chumvi.

"Na hilo kopo?" sauti ikatoka nyuma.

Kopo lile nililileta kutoka Maskati likiwa tupu, nikawa nalijaza mwenyewe chumbani, mlango umefungwa, kama alivyokuwa akifanya Mzee. Nilimtazama dada yangu. Alikuwa amesimama pembeni ya meza yake isiyo na kitu, mikono ameikunja. Nikafungua kifuniko, nikampa Bi Time anuse wa kwanza.

Alinusa. Akanitazama. Akanusa tena, akaangua kicheko mpaka ushungi ukamwanguka.

"Huu si uwatu huu? Enyi watu, ni uwatu! Ule wa uji wa mzazi!"

Uwanja mzima ulilipuka. Kopo likapita mkono kwa mkono. "Uwatu uliochachuka!" "Mimi ninao ndani, wa achari!" "Kumbe changu naye kajifungua!" Mvuvi mmoja akanipigia kelele, "Bwana Stashahada, miaka yote hiyo unatuficha uji wa mama yetu?"

"Unaujua uwatu," nikamjibu, "lakini unajua kuuchachusha? Unajua uutie maji yakichemka au yakipoa? Ukiutia mapema unachoma ile harufu, unabaki na uchungu. Njoo hapa karibu, nikufundishe." Naye akaja. Wakaja na wengine. Nikafundisha, na nafundisha vizuri, aliyewahi kunisikia atakuambia.

Nilimimina ule ute kwenye kalibu, ukashika. Adhana ya magharibi ilipolia, nilisoma dua, nikachukua kipande cha kwanza cha chambo nikafuturu nacho mbele ya halaiki. Kitamu hakikuwa. Imamu alikuwa amesimama karibu, akanyoosha mkono akachukua kimoja, akatafuna polepole, akasema, "Chumvi imezidi." Basi. Siku iliyofuata Bi Time alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya Mwanahawa, na beseni lilirudi nyumbani tupu, likiwa limepakatwa ubavuni.

Mkate wangu niliugawa kweli, kama Mzee alivyoniambia. Kabla ya mwamba kufunguliwa, nyumba nyingi za Utende zilikuwa zinapika chambo chao. Akina mama wa Juani, wenye mwani wao wenyewe, walifanya kwa wingi kuliko nilivyoweza mimi. Wateja walipungua, kisha wakaisha. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sikupigiwa makofi wala kupewa saa ya ukutani. Siku moja niliona nimekaa bandani tangu asubuhi bila mtu kuingia, nikafunga mlango, nikaenda kulala.

Huwa nalifikiria jambo hili nikiwa peke yangu. Wapo wanaosema nilikuwa mjinga, kwamba ningemwachia Mwanahawa auze mihogo mpaka uvumi ujichokee. Huenda ungejichokea. Lakini mimi niliondoka nyumbani nikamwacha abebe mzigo wa mama peke yake, na nilirudi na siri kwenye kopo. Kati ya kopo na meza yake sikuona cha kupima. Kuhusu sifa, sina upungufu. Kila changu anayekaangwa ghuba hii kwa chambo cha mwani amepitia mkononi mwangu, hata kama aliyemvua hajui.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Juani kuvua kwa starehe yangu. Karibu na gati palikuwa na binti wa rika la wajukuu zangu, anauza chambo kwenye bakuli.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe hivi."

Nikanusa kimoja. Mwani, pweza, kitunguu saumu, uwatu uliotiwa kwa wakati wake. Na kitu kingine juu yake, chembamba, ambacho sikukitia mimi wala Mzee wa Maskati.

"Wavuvi wanasema hivi vya kwako mkundaji anavifuata mpaka juu," nikamwambia. "Umetia nini?"

Akatabasamu, akafunika bakuli lake kwa upande wa kanga. "Siri ya kazi, babu."

Nikavuta hewa mara ya pili, taratibu, kama nilivyofundishwa. Nikaijua siri yake. Nikamlipa, nikashuka kwenye mtumbwi, na sitaiandika hapa.